Utepe mbele ya zumari: shajara ya kurekodi ngoma kwa maiki za utepe, Lamu

Siku ya 1: vifaa na hesabu

Kazi ni kurekodi ngoma ya kirumbizi, ile ya mchezo wa fimbo, ndani ya nyumba ya mawe mjini Lamu. Ala ni zumari moja, ngoma za msondo, vumi na chapuo mbili, na upatu. Wacheza fimbo hawamo, ni mapigo peke yake. Maiki za msingi ni mbili za utepe, za aina isiyohitaji umeme, kila moja na transfoma yake ndani. Maiki moja ndogo ya kondensa, aina inayohitaji umeme, itashika sauti ya chumba. Maiki moja ya dainamiki imewekwa kwa sehemu ambazo utepe hautapelekwa kabisa.

Utepe umechaguliwa kwa ajili ya zumari. Kondensa nyingi za bei ya chini huinua masafa ya juu, na zumari tayari imejaa huko. Ikipitia kwenye kondensa ya namna hiyo hutoka ikichoma sikio, na ukiipunguza baadaye kwa ikwalaiza unapunguza na uhai wake. Maiki ya utepe huteremka taratibu huko juu, na zumari inabaki nene kama inavyosikika uani.

Hatari yenyewe ni hii. Ndani ya maiki umening'inizwa ukanda wa alumini uliokunjwakunjwa, katikati ya sumaku mbili. Unene wake ni maikroni 2 hivi, au 2.5 kwa baadhi ya maiki za kisasa. Tepe 30 za maikroni 2.5 zikipangwa pamoja ndipo zinakaribia unene wa unywele mmoja. Ukivutika haurudi.

Wengi husema maiki hizi haziwezi kelele. Sifa hiyo imerithiwa. Maiki za utepe za kampuni ya RCA za miaka ya 1930, zilizotokana na kazi ya Harry Olson huko Marekani, zilikuwa na utepe mrefu uliolegezwa, na zilitumika kwa msemaji wa redio au okestra iliyokaa mbali. Royer R-121, maiki ya utepe iliyotoka 1998, imekuwa ikiwekwa mbele ya spika za gitaa la umeme miaka yote hii na inadumu. Kwa hiyo swali la kuuliza kwenye kila ala ni utepe utasogea umbali gani. Desibeli peke yake haijibu.

Na jibu linategemea masafa. Kwa sauti yenye nguvu ileile, mlio wa Hz 100 huusogeza utepe mara kumi ya mlio wa Hz 1,000. Zumari inapiga kelele kuliko ala zote hapa, lakini sauti zake ziko juu, kwa hiyo utepe unatetemeka haraka na kidogo. Vumi halitishi sikio, lakini ndilo linalousukuma utepe mbali. Upepo unashinda vyote viwili, kwa kuwa upepo hautetemeshi: unasukuma upande mmoja na kuendelea kusukuma. Mpango wote wa siku hizi umejengwa juu ya mfuatano huo wa hatari: kwanza upepo, pili ngoma za chini, zumari mwisho.

Siku ya 2: kebo na fantomu

Hakuna ala iliyopigwa leo. Siku nzima ni kebo.

Miksa iliyopo ina swichi moja ya fantomu, yaani umeme wa volti 48 unaopelekwa kwenye maiki kupitia kebo ileile ya sauti, kwa chaneli zote, na kondensa inaihitaji. Kwa kebo nzima, fantomu hufika pini ya 2 na pini ya 3 kwa volti sawasawa. Transfoma ya maiki haioni tofauti, hakuna mkondo unaopita, na utepe unakaa salama. Balaa huja usawa huo ukivunjika. Tuseme pini ya 3 inagusa pini ya 1, yaani ya ardhi iliyoungwa na kinga ya kebo, ndani ya plagi. Upande mmoja wa waya wa transfoma unakuwa sifuri na mwingine unavutwa na volti 48 kupitia rezista ya kiloomu 6.8. Hapo milliampia 7 hivi zinapita kwenye transfoma, na ule mshtuko wa kwanza unahamia upande wa utepe. Utepe unaruka kama umepigwa kofi.

Kebo tisa zilipimwa kwa multimita, pini kwa pini, huku kila plagi ikichezeshwa kwa mkono wakati wa kupima. Kebo ikilazwa mezani bila kuguswa hufaulu hata kama ni mbovu. Saba zilikuwa sawa. Moja ilikuwa na pini ya 2 na ya 3 zimepishana. Hiyo haidhuru utepe lakini inageuza fezi, yaani wimbi la sauti linatoka kinyume, ikalehemiwa upya. Ya tisa, nyuzi mbili za kinga zilikuwa zimetoka nje ya lehemu na kugusa pini ya 3 kila plagi ilipoinamishwa kushoto. Ilikuwa na tepu ya kijani shingoni, alama ya kebo nzuri. Kwa macho hakuna ambaye angeikataa. Imekatwa plagi zote mbili ili isirudi kapuni kwa bahati mbaya.

Tahadhari moja ambayo mafundi wa umeme husahau: multimita ni ya kebo tu. Usiipime maiki yenyewe ya utepe kwa oomu, kwa kuwa multimita hupeleka mkondo ili kusoma, na mkondo huo ni mshtuko uleule.

Kwa usalama zaidi, kila maiki ya utepe imepitishwa kwenye kisanduku cha transfoma ya 1:1 kabla ya miksa. Fantomu ni mkondo wa moja kwa moja, na mkondo wa moja kwa moja hauvuki transfoma. Visanduku hivi hupotezesha sauti kidogo sana, na ni nafuu kuliko utepe mpya.

Utaratibu wa kuchomeka umeandikwa na kubandikwa kwenye miksa: zima fantomu, subiri dakika mbili ili kapasita zimwage chaji, shusha fader (vitelezi vya sauti), chomeka kebo zote, ndipo uwashe. Kuchomoa ni kinyumenyume. Stima ikipotea, chomoa maiki za utepe kwanza kabla ya kitu kingine, kwa sababu miksa za kidijitali nyingi hukumbuka hali yake, na zikirudi huja na fantomu ikiwa imeshawaka.

Siku ya 3: chumba, upepo na mchanga

Mahali pamechaguliwa msana wa ndani, chumba kirefu chembamba, nyuma ya kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba ulio wazi juu. Kuta ni nene, za matumbawe na chokaa, na kelele za boti za ufukoni hazifiki. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zinavunja mwangwi vizuri kuliko ukuta mtupu, ila ukuta wa pili ni laini na unarudisha zumari kama kioo. Mikeka mitatu imetundikwa hapo, na blanketi zito nyuma yake, kukiwa na nafasi ya kiganja kimoja kati ya blanketi na ukuta.

Hilo lina uzito kwenye utepe kuliko kwenye maiki nyingine, maana maiki ya utepe husikia mbele na nyuma sawasawa. Kinachorudi kutoka ukutani kinaingia mgongoni kwa nguvu zote. Maiki iko angalau mita moja na nusu kutoka ukuta wowote.

Upepo: ni msimu wa kaskazi, na kiwanda kinauvuta kama bomba. Kipimo kilichotumika ni kipande cha karatasi ya shashi, upana wa sentimita moja na urefu wa kumi, kimening'inizwa kwa uzi kwenye stendi tupu, pale pale utepe utakapokaa. Karatasi ikicheza, maiki haiji. Asubuhi ilicheza bila kutulia. Pazia la turubai likafungwa kwenye upenyo wa kiwanda, na karatasi ikasimama. Karatasi hii itakuwa mbele ya kila maiki kabla ya kila pigo la kurekodi, siku zote zilizobaki.

Mchanga nao si wa kupuuza. Sumaku za maiki hizi ni kali, na chembe yenye chuma ikipenya waya wa mbele inaingia kwenye pengo na kugusa utepe. Mchanga mweusi wa ufukwe wa Mambrui, kaskazini mwa Malindi, una ilmenaiti, madini yenye chuma, na watu husafiri nao viatuni. Kipimo ni rahisi: weka sumaku ndani ya mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya meza na sakafu, geuza mfuko uone kilichonata. Sakafu ya hapa ilitoa vumbi la kutu na vichwa viwili vya misumari. Ikapanguswa kwa kitambaa chenye maji, haikufagiliwa kavu.

Kwa sababu hiyohiyo, kinga za upepo hazikutengenezwa kwa waya wa chuma. Fremu ni ya fito nyembamba za mkoko, duara la sentimita 18, zikavikwa soksi ya nailoni pande zote mbili ili kuwe na tabaka mbili zilizoachana kwa sentimita moja na nusu. Nafasi hiyo katikati ndiyo inayovunja upepo. Tabaka mbili zilizobanana hufanya kazi kama moja. Kitambaa cha kanga kilijaribiwa pia, kikaiba sauti za juu, kikaachwa.

Siku ya 4: zumari

Kabla ya kuanza, maiki zote mbili zilipimwa afya. Zimewekwa bega kwa bega, utepe kwa utepe, mtu akavuma sauti ya chini mita moja mbele. Chaneli mbili zikasawazishwa, kisha moja ikageuzwa fezi. Zikiwa nzima zinafutana. Leo mchanganyiko ulishuka desibeli 23 ukilinganisha na maiki moja. Namba hiyo ndiyo ya kulinganisha kila jioni: ikipungua ghafla, utepe mmoja umebadilika.

Zumari iliwekwa kwanza kwenye kipimo cha karatasi. Watu hudhani inapuliza upepo mkali kwenye kengele yake, yaani mdomo wake mpana. Kwa sentimita 10 karatasi ilisogea kidogo tu, na kwa sentimita 25 haikusogea hata mpigaji alipoongeza pumzi. Pumzi nyingi hubaki mdomoni, mashavu yakiwa yamejaa, maana mpigaji anavuta kwa pua bila kukata mlio. Tarumbeta ingekuwa habari nyingine.

Mita ya sauti ilisoma desibeli 114 kwa sentimita 30. Hesabu yake: desibeli 94 ni Paskali 1, kwa hiyo 114 ni Paskali 10. Maiki yenye uwezo wa −50 dBV hutoa milivolti 3.2 kwa Paskali 1, basi hapa inatoa 32. Geini, yaani ukuzaji wa miksa, ya desibeli 30 inatosha kabisa, wakati maiki hiyohiyo mbele ya udi ingedai 60 na zaidi. Ndiyo maana priampu za kawaida, yaani vikuza sauti vya miksa, ambazo watu huzilalamikia kwa kelele zake kwenye maiki za utepe, hapa hazina tatizo lolote.

Mahali palipokaa mwisho: sentimita 60, kengele ikielekea chini ya maiki kwa kiganja kimoja, kinga ya nailoni sentimita 12 mbele ya maiki, na maiki imezungushwa kwenye mhimili wake nyuzi 30. Imezungushwa, haikulazwa. Kulaza maiki ya utepe kwa muda mrefu kunauacha utepe ukining'inia tumbo chini. Kuizungusha hakuupi uzito wowote, na pigo la hewa linapita pembeni badala ya kulipiga bapa la utepe.

Mpigaji zumari hukaa mahali pamoja kwa shida, na hakuna haja ya kumkatalia kutembea. Alama ya chokaa sakafuni imechorwa kama mpaka wa mbele: nyuma yake aende atakavyo. Akiinua kengele kwenye kilele cha mwito, umbali wa sentimita 60 unabadilisha sauti kidogo tu. Kwa sentimita 20 ingeruka juu na chini kila anapogeuza shingo.

Siku ya 5: zumari tena

Pigo mbili tu, kati ya alasiri na magharibi. Rekodi ni safi. Afya ya maiki jioni: 23.

Siku ya 6: msondo na vumi

Hii ndiyo siku iliyoogopwa, na kwa haki.

Msondo uko wazi chini. Ngozi ikipigwa juu, hewa inatoka kwa nguvu kwenye tako la ngoma. Karatasi ya shashi iliyowekwa sentimita 40 kutoka tako ilirushwa kama bendera, na kwa mita moja bado ilitikisika. Utepe haupelekwi upande huo, hata kwa kinga. Pale imewekwa maiki ya dainamiki, sentimita 15, na imefanya kazi yake bila wasiwasi.

Upande wa ngozi, mambo ni umbali. Maiki ya utepe ikiwa karibu huongeza sauti za chini zaidi ya zilivyo. Kwa mlio wa Hz 80 na umbali wa sentimita 15, ongezeko ni desibeli 13 hivi. Kwa sentimita 60 linashuka chini ya 4. Ongeza na upungufu wa kawaida, yaani desibeli 6 kila umbali unapokuwa mara mbili, na kutoka 15 hadi 60 ni 12. Jumla ni zaidi ya desibeli 20 za msukumo zilizoondolewa kwenye utepe, kwa kurudisha stendi nyuma kwa hatua isiyofika moja. Hakuna kifaa kinachonunuliwa dukani kinachotoa ulinzi wa kiasi hicho.

Kosa moja limezoeleka sana. Swichi ya kukata sauti za chini kwenye miksa, pedi ya kupunguza sauti ya −20, kompresa ya kubana vilele vya sauti: vyote viko baada ya maiki. Vinailinda miksa. Utepe umeshasogea kabla ya chochote kufika huko, na sauti inayotoka safi kwenye spika haikuambii utepe umepita wapi.

Vumi lilipigwa kwanza polepole, maiki ikiwa mita moja, ikisogezwa kwa sentimita 10 kila mara huku tunasikiliza. Kwa 70 pigo la chini lilikuwa limejaa na imara. Kwa 50 pigo zito lilianza kusikika limechoka mwishoni, kama mtu anayemeza neno. Hiyo ndiyo dalili ya utepe kufika mwisho wa nafasi yake, na huja kabla ya kuharibika. Ukiisikia, simamisha pigo palepale na urudishe maiki, usingoje mwisho wa wimbo. Imebaki 80, imezungushwa nyuzi 45 kutoka kwenye ngozi. Sauti inapungua desibeli 3 tu kwa pembe hiyo.

Ubavu wa maiki ya utepe hausikii. Maiki ya zumari imegeuzwa ubavu wake ukatazamana na msondo, na ngoma ikapungua kwenye chaneli ya zumari kiasi cha kuweza kupandisha zumari peke yake. Kwa kondensa ya kawaida isingewezekana bila kuwatenga wapigaji vyumba viwili, na ngoma ikipigwa vyumba viwili haiwi ngoma.

Afya jioni: 22. Kawaida.

Siku ya 7: mlango

Asubuhi kipimo kilitoa 9.

Maiki ya kwanza ilisikika sawa. Ya pili ilikuwa imepoa, sauti za chini zimelegea, na kuvuma kwa mtu kulileta mtetemo wa kama karatasi kwenye kitana. Tochi ikimulikwa kwa mshazari kupitia waya wa mbele inaonyesha mikunjo ya utepe imefunguka katikati na tumbo limetokeza nyuma.

Zumari na vumi hazina kosa, maana kipimo cha jioni kilifuata baada ya pigo la mwisho. Kilichotokea ni kati ya hapo na asubuhi. Maiki ya kwanza ilikuwa imevikwa mfuko wake. Ya pili iliachwa wazi kwenye stendi, karibu na mlango wa chumba. Usiku pazia la turubai lilifunguka upande mmoja, kaskazi ikaingia, na mlango mzito wa mbao ukawa unajibamiza. Chumba cha mawe hakina pa kupunguzia hewa. Mlango ukifunga kwa nguvu, hewa yote ya karibu husukumwa kwa pamoja, na maiki iliyo wazi inaipokea kifuani.

Utepe haurudishwi kwa kupulizwa, kuvutwa kwa kibano, wala kutikiswa. Maiki imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, ikasimamishwa wima kwenye sanduku lake, na itapelekwa ikabadilishwe utepe na fundi mwenye alumini ya unene sahihi na kifaa cha kukunjia. Alumini ya kufungia chakula, ambayo watu hupendekeza, ina unene wa zaidi ya maikroni 10. Ni nzito mno, na sauti za juu hufa.

Yaliyobadilishwa kuanzia leo: mfuko unavaa maiki kila pigo linapoisha, kabla mtu hajainuka. Stendi haitembezwi na maiki ikiwa wazi, hata hatua tatu, kwani mwendo wenyewe ni upepo. Milango yote ina kabari za mbao na kamba. Sanduku la maiki linafunikwa polepole, kwa kuwa kifuniko kinachobana hewa kikishushwa kwa kasi ni mlango mdogo. Ndani yake kuna pakiti mbili za silika jeli, zinazokaushwa jikoni kila wiki, kwa ajili ya chumvi ya hewa ya pwani inayokula alumini pole pole.

Siku ya 8: chapuo na upatu

Imebaki maiki moja ya utepe, na imepewa zumari. Chapuo zimechukuliwa na kondensa ya chumba, zinatosha.

Upatu hausukumi hewa na hauna sauti za chini, kwa hiyo kwa utepe ni salama kabisa. Tena utepe unautuliza vizuri. Hatari yake ni fimbo ya mpigaji, na umbali wa mita moja unaimaliza. Umewekwa nyuma ya maiki ya zumari, upande wa mgongo, na maiki moja imeshika ala mbili kwa nyuso mbili. Mizani kati yao imepatikana kwa kumsogeza mpiga upatu nyuma mara tatu, bila kugusa miksa.

Siku ya 9: pigo kamili

Mfuatano kamili umepigwa mara mbili baada ya isha, karatasi ya shashi ikiwa imetulia mwanzo na katikati. Vumi limepewa maiki ya dainamiki, na linakosa ule upana wa siku ya 6. Pigo la vumi litarudiwa maiki ya pili ikirudi, kwa vipimo vilevile: sentimita 80, nyuzi 45, kinga mbele, mlango umefungwa kwa kamba. Alama za chokaa sakafuni zimepigwa picha pamoja na rula, kabla hazijafutwa.